Mama Betri wa Ashrafiya

Basi liliishiwa na nguvu pale pale kwenye kona ya tanuri la mikate, katikati ya kilima cha Ashrafiya, alasiri moja ya kiangazi ambapo hata paka wa Amman walikuwa wamejilaza chini ya magari wakitafuta kivuli. Hakikupasuka kitu. Hakukuwa na moshi wala mngurumo wa kulalamika, kama ilivyokuwa desturi ya mabasi ya dizeli yalipozidiwa na mlima. Lilinyamaza tu, taa nyekundu ya betri ikawaka, na abiria wakaanza kuokota mifuko yao kabla dereva hajafungua kinywa, maana jambo lenyewe halikuwa geni kwao.

Dereva huyo, Abu Mutasim, mkongwe kuliko madereva wote wa njia ile, alishuka taratibu, akalitazama tairi la mbele kwa dharau, kisha akalipiga teke.

"Limekata roho tena?" akauliza mwoka mikate kutoka dirishani.

"Limekata roho. Lete sanda."

"Si ulilizika papa hapa wiki iliyopita?"

"Nililizika, na wewe hukuleta hata kahawa ya matanga. Jirani gani wewe!"

Watu walicheka, lakini kicheko cha wenye hasira. Mwanamke mmoja aliyebeba fungu la mboga ya mulukhiya alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba serikali imewaletea watu wa mlimani gari la kuchezea watoto.

Nyuma lilikuja basi jingine, pacha wa lile lililokufa: rangi ile ile, betri ile ile, limetoka yadi ile ile ya Mahatta bondeni baada ya kuchajiwa usiku kucha. Kwenye usukani alikuwa Itaf Khreisat, mwanamke aliyekuwa akikaribia hamsini, mwenye mabega mapana na mtandio wa kijivu uliofungwa nyuma ya shingo ili usimsumbue anapogeuka kutazama vioo.

"Ingieni," alisema akifungua mlango. "Sogeeni nyuma, wote mtaenea. Ami, nipishe njia. Basi lako limekaa katikati ya barabara kama bwana harusi."

"Haya, Mama Betri," alijibu Abu Mutasim akiinama kwa mzaha, "wachukue mayatima wako."

Itaf aliwachukua. Basi lake lilijaa mpaka milango ikawa inafunga kwa shida, na likaupanda mlima ule ule, kwa jua lile lile, bila haraka na bila kelele, mpaka kileleni kwenye msikiti wa mawe meusi na meupe. Hakuna aliyemshukuru. Mwenye mulukhiya alipokuwa akishuka alimwuliza tu: "Wewe unaliombea dua gani hili lako?"

Haikuwa dua. Swali la kwa nini basi moja lipande na pacha wake life lilikuwa likizungushwa magazetini na kwenye saluni za Ashrafiya kama kitendawili kikubwa, na jibu lake lilikuwa jepesi, tena lilikuwa limeelezwa kwa kila aliyefanya kazi katika yadi ya Mahatta, kuanzia mafundi hadi meneja. Madereva walikuwa wakiachia gia.

Katika mji uliojengwa juu ya vilima, dereva wa zamani alihesabiwa kuwa fundi kwa namna alivyoshuka, si kwa namna alivyopanda. Alipofika ukingoni mwa mteremko aliiweka gia huru, akaliacha gari liteleze kwa uzito wake lenyewe hadi bondeni, injini ikipumua kama mtu aliyelala, mguu ukigusagusa breki kwenye kona tu. Tone la dizeli lililookolewa mteremkoni lilikuwa mali ya dereva. Baba alimrithisha mwanawe ujuzi huo. Abu Mutasim alisifika kwamba angeweza kuachia gia kileleni Ashrafiya na asiiguse tena mpaka asikie harufu ya falafeli za katikati ya mji.

Katika basi la betri, sifa hiyo ni maafa. Mteremko kwake ni wakati wa kuvuna. Dereva akiondoa mguu kwenye kanyagio huku gia ikiwa ndani, mota huanza kuzungushwa na magurudumu badala ya kuyazungusha; inalivuta basi nyuma, na kila nguvu inayolizuia hurudi kwenye betri kuwa umeme. Akiachia gia, hakuna kinachorudi. Mlima unachukua chake wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka dereva anaukatalia kulipa. Inapofika alasiri, kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi kutwa nzima, betri inakuwa haina kitu.

Haya yote waliambiwa. Wakufunzi walikuja, wakaonyesha picha ukutani, wakaeleza kwa Kiarabu kizuri. Madereva walisikiliza huku wakila kunafa tamu iliyoletwa kwa heshima ya uzinduzi, wakapiga makofi, wakarudi barabarani kufanya walichokuwa wakifanya siku zote. Kabla ya hapo walikuwa wameendesha mabasi chotara, yale yenye injini ya dizeli na mota ya umeme pamoja, na humo kosa lao halikuonekana, kwa sababu injini iliziba kila pengo. Sasa injini haikuwepo. Zaidi ya hayo, ule mvuto wa nyuma uliwaudhi. Waliamini kuwa basi linalojivuta namna ile linakula betri, na kwamba kulionea huruma ni kuliachia liteleze.

Itaf hakuwa na ujuzi wa ajabu kuliko wenzake. Alichokosa ni mazoea yao. Kwa miaka mingi aliendesha gari dogo la shule ya chekechea, lenye watoto wanaoimba na kutapika, na mtu mwenye akili haachii gia akiwa na watoto wa watu mteremkoni. Alipokwenda kufanya mtihani wa leseni ya magari makubwa, mtahini alimtazama kuanzia viatu hadi mtandio, akasema, "Mama, hili si jiko."

"Naona," alijibu Itaf akifuta vumbi kwenye usukani kwa kidole. "Jikoni kwangu hapaachwi pachafu hivi."

Alifeli siku hiyo, na siku nyingine, kwa sababu ambazo hakuna aliyeona haja ya kumweleza. Alirudi mpaka wakachoka. Kampuni ya mabasi ilipoleta magari ya betri ilitafuta mwanamke wa kuonyesha, ikamwajiri, ikabandika picha yake ubavuni mwa basi, kubwa kuliko mlango, na maneno yasemayo kwamba mji unasonga mbele. Mji ulisonga mbele mwaka mzima, na yadi ya Mahatta ikaendelea kukosa choo cha wanawake. Itaf alikuwa akienda kujisaidia kwa mke wa mshona viti, ng'ambo ya barabara, akipita chini ya uso wake mwenyewe unaotabasamu.

Siku chache baada ya basi la Abu Mutasim kukwama, meneja wa njia aliwakusanya madereva chini ya kivuli cha paa la kuchajia. Ustadh Nabih alikuwa mtu wa manukato na sauti laini, aliyetangaza mambo mabaya kana kwamba anagawa peremende. Alisema kilima cha Ashrafiya kimezishinda betri. Mabasi ya umeme yatahamishiwa Amman ya magharibi, kwenye barabara pana zisizo na milima mikali. Ashrafiya itarudishiwa mabasi ya dizeli. Madereva wote watabaki kwenye njia yao.

"Na mimi?" aliuliza Itaf.

"Wewe, dada yetu, tumekufikiria kwa namna ya pekee. Mabasi yale ya zamani ni mazito, usukani wake unataka mikono ya kiume. Njia ya magharibi ina madereva wake tayari. Utakaa kwenye dirisha la tiketi, kivulini, na feni yako. Kwa heshima yako."

Dereva mmoja alinong'ona, "Mama Betri sasa atakuwa Mama Tiketi," na wawili watatu wakacheka puani. Itaf hakugeuka kumtafuta aliyesema. Alingoja watu watawanyike, kisha akamfuata meneja ofisini bila kupiga hodi.

"Ustadh Nabih, kilima hakijaishinda betri yoyote. Nakipanda kila siku."

"Najua unakipanda."

"Basi unajua pia kwa nini wengine hawakipandi."

"Mainjinia walikwishaniambia." Alifunga mlango kwa upole. "Keti. Sikiliza, dada Itaf. Wakubwa wanataka mabasi haya yaonekane. Huko magharibi kuna mahoteli, kuna wageni, kuna kamera. Ashrafiya nani anayaona?"

"Wanaoyapanda."

"Wanaoyapanda hawapigi picha."

"Wanavuta moshi lakini. Mama yangu ameuvuta tangu kijana, na kila jirani yake. Hatimaye tumepata mwaka mmoja wa kufungua madirisha, nawe unataka kutuletea yale masizi tena kwa sababu hatuna kamera?"

Nabih hakukasirika, huo ndio ulikuwa ustadi wake. Alimimina kahawa kwenye kikombe kidogo, akakisukuma mbele yake. "Iko njia nyepesi. Kuachia gia na abiria ndani ni kosa la barabarani. Nitajie watatu wanaofanya hivyo, uweke sahihi kwamba umeona kwa macho yako. Nawafukuza, wengine wanashika adabu, mabasi yanabaki mlimani, nawe unabaki kwenye usukani wako. Nitawaambia wakubwa tatizo lilikuwa watu, si kilima. Nianze na Abu Mutasim?"

Kahawa ilikuwa na harufu nzuri ya iliki. Itaf aliitazama bila kuigusa. Katika nchi ile mtu akiacha kahawa ya mwenyeji wake bila kuinywa, anasema wazi kwamba ana shauri zito na hatainywa mpaka lijibiwe, na Nabih, mwana wa watu, aliielewa ishara hiyo vizuri.

"Sema," alisema akipoteza tabasamu kidogo.

"Sikuja kukuuzia watu. Mshahara wa mtu na pensheni yake si bei ya kiti changu. Nipe siku moja. Basi moja, njia ya Ashrafiya, kutoka alfajiri hadi jioni, na dereva nimchague mimi katika hao hao unaosema kilima kimewashinda. Likikwama, nakwenda dirishani kukata tiketi na hutasikia sauti yangu. Lisipokwama, mabasi yanabaki na mimi nabaki."

"Nani utamchagua?"

"Abu Mutasim."

Nabih alicheka kwa dhati, kwa mara ya kwanza. "Yule? Yule hata akifa atateremshwa kaburini kwa gia huru! Jumapili basi. Kunywa kahawa yako."

Itaf aliinywa ikiwa imepoa.

Nyumbani, mama yake, Haja Sabha, alimsikiliza mpaka mwisho huku akikaanga nyanya kwa pilipili, akikohoa kila baada ya maneno machache. Kisha akasema bila kugeuka, "Wataje. Wao wangekutaja wewe kabla ya kifungua kinywa."

"Najua, yuma, mama yangu."

"Basi?"

"Basi nitakuwa nimejifunza kwao."

Mama yake akapasua yai juu ya nyanya, akasema jambo kuhusu watoto wanaozaliwa na shingo ngumu, lakini akampa binti yake sehemu yenye kiini.

Kazi ngumu ilikuwa kumpata Abu Mutasim. Itaf alimkuta yadini, ameketi juu ya tairi kuukuu, akinywa chai ya majani ya maramiya na wenzake.

"Karibu, Mama Tiketi," alisema mmoja.

"Nyamaza, mtoto mdogo wewe," alimkemea Abu Mutasim. "Karibu, binti yangu. Nasikia umenifanyia uchumba na meneja bila kuniuliza."

"Nimekufanyia, ami. Mahari ni siku moja ya Jumapili."

"Nami nitafanya nini siku hiyo?"

"Utaendesha. Ila kwenye mteremko hutaachia gia."

Wote wakatazama chini. Neno lile halikuwa linatamkwa waziwazi, kama vile halitamkwi jina la ugonjwa mbele ya mgonjwa. Abu Mutasim alizungusha chai yake ndani ya glasi.

"Basi lile ukiliacha na gia linakuvuta nyuma kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Linakula chaji bure."

"Linakula? Pale ndipo linaposhiba. Ule mvuto ndio unaojaza betri."

"Breki inayozaa umeme!" Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Basi na mimi nikipiga chafya, taa za mtaa zitawaka?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Itaf aliwaacha wacheke. Ucheshi huo alikuwa ameuzoea, naye alijua kwamba mtu akicheka na watu wake ni vigumu kuinuka akaondoka. Ikabidi ampe sababu ya kuinuka.

"Njoo unionyeshe basi kwamba mimi ni mwongo. Nina safari sasa hivi. Kaa kiti cha nyuma yangu utazame kipimo cha chaji. Kikishuka mteremkoni, rudi uwaambie hawa wacheke tena."

Alikuja, labda kwa ajili ya kicheko hicho. Alikaa nyuma yake walipopanda, na kileleni, basi lilipoinamisha pua kuelekea mjini, alisogea mbele akashika mgongo wa kiti chake. Itaf aliondoa mguu kwenye kanyagio. Basi likajivuta, likateremka kwa mwendo wa mtu mzima anayeshuka ngazi, na kwenye kioo cha dashibodi mstari wa kijani ukaanza kuongezeka. Uliongezeka mpaka kona ya kwanza, ukaongezeka mpaka ya pili. Abu Mutasim alivaa miwani. Walipofika bondeni, betri ilikuwa na zaidi ya ilivyokuwa kileleni.

Aliendelea kukitazama kipimo mpaka abiria wa mwisho aliposhuka.

"Unajua kwa nini tuliachia?" aliuliza hatimaye, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha. "Wenye mabasi walitukata dizeli kwenye ujira wetu. Kila tone. Ukipanda, unapanda kwa jasho lako. Ukishuka, unaiba kidogo kilicho chako. Nimesomesha wanangu kwa mteremko huu, Itaf. Mmoja ni mwuguzi. Watu wanadhani tulikuwa wazembe."

"Sidhani hivyo, ami. Mlikuwa mnapigana."

"Tulikuwa tunapigana."

"Na mmezoea kupigana mpaka sasa mteremko umeanza kuwalipa na bado mnaupiga."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha mfukoni. "Mimi nikiendesha Jumapili mchana kutwa na basi lisikwame, meneja ataniuliza zamani lilikuwa linakwama kwa nini. Nimebakiza muda kidogo nistaafu. Unaniomba nijivue nguo mbele yake."

"Angenipa kiti changu leo kama ningekutaja. Sikukutaja."

"Nimesikia. Yadi nzima imesikia; kuta za ofisi ile ni nyembamba." Alishuka, akasimama kwenye ngazi ya mlango. "Mungu akulipe. Lakini usinihesabu."

Jumapili alfajiri hakuonekana. Itaf alisimama kando ya basi lililojaa chaji, madereva wakijifanya kukagua matairi, na Nabih akifika na mpiga picha aliyekuwa akipiga miayo.

"Mchague mwingine," alisema meneja. "Mimi si mtu wa kukubana."

Itaf aliwatazama mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa alipata jambo la kufanya: mwingine alifunga kiatu, mwingine alipigiwa simu isiyolia. Akahisi hasira ikimpanda, hasira ya miaka yote, ya mtahini na ya choo na ya uso wake mkubwa ubavuni mwa basi, akawaambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia yadini: "Nimewaficha wote! Wote! Na hamna hata mmoja wa kukaa kwenye kiti kutwa moja? Mnaogopa nini? Dirisha la tiketi ni langu, si lenu!"

"Usiwapigie kelele watoto wa watu asubuhi yote hii," alisema mtu nyuma yake. Abu Mutasim alikuwa amenyoa ndevu, shati lake limepigwa pasi hadi likawa na makali. Alimpita Nabih bila kumsalimu, akapanda, akarekebisha kiti. "Mwuguzi wangu alinitukana jana," alimwambia Itaf chini ya sauti. "Tusizungumze habari hiyo."

Walipanda na abiria wa kwanza, wakashuka. Kwenye mteremko wa kwanza, kabla ya kona, kiganja cha Abu Mutasim kiliondoka chenyewe kwenye usukani kwenda kutafuta kitufe cha gia huru, kama kilivyokuwa kimefanya maisha yake yote. Itaf, aliyesimama nyuma yake, alikiona kikielea hewani. Mzee aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine, akaurudisha usukanini, na basi likaanza kujivuta.

"Mbona unatuvuta nywele, ewe haji?" alilalamika mwanamke mmoja.

"Nakusanya umeme, mama. Shika mkoba wako."

"Umeme wa nani?"

"Wa kukurudisha nyumbani!"

Kutwa nzima kilikuwa kinyang'anyiro kati ya mzee na mkono wake. Adhuhuri alishuka amelowa jasho kuliko siku zote. Alasiri, joto lilipofika kilele na basi likiwa limefurika, walianza kupanda Ashrafiya kwa safari ya mwisho ya zamu ya mzee, na ndani kukawa kimya, kwa sababu habari zilikuwa zimetangulia na kila abiria alijua wanajaribiwa nini. Walipoifikia ile kona ya kukwamia, watu waliinua visigino kana kwamba wanalipunguzia basi uzito. Basi likapita kona. Likaendelea kupanda, polepole na kwa utulivu, na aliyeanza kupiga vigelegele alikuwa mwanamke wa kwenye kiti cha mwisho. Wengine wakaitikia, mpaka lilipofika kileleni lilikuwa kama basi la harusi.

Nabih alikuwa akiwangoja kituoni hapo juu. Alitabasamu kwa mpiga picha, akasubiri vigelegele vipungue, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya peremende, huku watu wote wakisikia: "Hongera, Abu Mutasim. Kwa hiyo siku zote zile ulizokwama, ulikuwa ukiachia gia na abiria ndani?"

Mzee alibaki kwenye kiti, mikono yote miwili juu ya usukani. Itaf alisimama katikati yao.

"Uliahidi siku moja, Ustadh. Hukuahidi kesi. Ulisema kilima hakipandiki, kimepandwa."

"Nimeuliza swali tu."

"Niliachia, ndiyo," alisema Abu Mutasim. "Nilifundishwa na njaa. Leo nimefundishwa na huyu. Kama unataka kunifukuza, nifukuze mbele ya abiria wangu hawa, uwaeleze na wao nani atawapandisha kesho."

"Kwa mguu atatupandisha!" alipaza sauti mtu. "Mwulizeni kama amewahi kupanda kwa mguu, yule na viatu vyake!"

Kicheko kilimwangukia Nabih kutoka pande zote. Hakupoteza sauti yake laini, lakini alimvuta Itaf kando, mbali na mlango. Alisema sawa, mabasi yatabaki, kwa sasa. Naye atabaki kwenye usukani, kwa sharti dogo: kila juma amletee majina ya wanaoendelea kuachia gia. Kimya kimya. Hakuna atakayejua. Na leo wapige picha pamoja, yeye na Itaf, mbele ya basi.

"Wanaotaka kujifunza nitawafundisha," alisema Itaf. "Kila mmoja, hata yule wa Mama Tiketi. Lakini jasusi katafute kwingine. Na picha unayo tayari, tena kubwa. Ukitaka kunifanyia jambo, jenga choo."

"Dada Itaf, hivi sivyo mambo yanavyokwenda. Sijamaliza kusema. Nafasi yako bado haijathibitishwa, na mimi—"

Zamu ya jioni ilikuwa yake. Abiria wa safari iliyofuata walikuwa wamekwisha kupanga foleni juani, wengine na watoto mabegani. Abu Mutasim alishuka, akamwachia kiti kikiwa bado na joto. Itaf alipanda, akafunga mkanda, akatazama kioo cha kulia na cha kushoto, akabonyeza kitufe. Mlango ukajifunga, na maneno yaliyosalia ya Ustadh Nabih yakabaki nje, midomo yake ikiendelea kucheza nyuma ya kioo.

Mpaka leo hakuna aliyempelekea Itaf barua ya kuthibitisha nafasi yake, wala hakuna aliyethubutu kumwondoa. Kila alfajiri anapanda basi kabla hawajapata nafasi ya kumjadili.